Ben Kingsley: mtu mmoja anawezaje kuwa Gandhi, kisha akawa jambazi?

MwanaLangoni (Lamu)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina swali juu ya mwigizaji mmoja wa Uingereza, na jibu lake nalihitaji kwa kazi, si kwa kupitisha wakati.

Sisi ni kikundi cha vijana hapa Amu, tunafanya michezo ya kuigiza. Mazoezi ni katika ua wa shule huku Langoni baada ya alasiri. Mimi tangu nianze ni mchekeshaji. Wakitaka mwenye punda anayegombana na mteja juu ya mifuko ya saruji, wakitaka baharia aliyerudi safari na uongo wa kujaza jahazi, naitwa mimi. Mpaka sokoni watu wananijua hivyo. Sasa mwelekezi wetu amenipa nafasi ya kadhi anayeamua kesi ya ndugu wawili wanaogombania shamba la minazi la marehemu baba yao. Hapana kicheko hata kimoja katika nafasi hiyo. Lakini nikitokea tu, mdomo sijaufungua, watoto waliokaa ukutani wanaangua kicheko. Nikikunja uso ndiyo wanazidi.

Juzi binamu yangu alinionyesha filamu ya Gandhi, ile ya 1982. Nililia. Kisha akaweka nyingine, Sexy Beast ya mwaka 2000, ambamo yumo jambazi mmoja mwenye upara, macho hayapepesi, kila sentensi ina tusi. Tulifika nusu ndipo binamu akaniambia kwamba huyu ni yule yule Gandhi. Nikasimamisha picha nikausogelea uso: pua ni ile, masikio ni yale. Mtu mwingine kabisa.

Naomba wanaomjua Ben Kingsley wanieleze kazi yake ilivyokwenda, na nini hasa kilichomwezesha kugeuka vile. Msiniambie kipaji peke yake. Kipaji hakinifundishi la kufanya kesho saa kumi.

---

Mzee_wa_Kanda (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Umeuliza mahali pake.

Mimi nilikuwa na kibanda cha video hapa Malindi, zama za zile kanda kubwa nyeusi. Kodi ya kibanda ililipwa na filamu za Kihindi na za karate, hilo silifichi. Lakini kanda ya Gandhi nilikuwa nayo, na ilipokuwa zamu yake kibanda kilibadilika. Wenye maduka walikuja na wake zao na watoto, na wazee wetu wa Kiswahili ambao hawakuwahi kukanyaga mlangoni kwangu waliletwa na wajukuu. Filamu inazidi saa tatu na watu hawakutoka. Tangu siku hizo nimemfuata mwigizaji huyu kila nilipoweza, kwa hiyo nivumilie, nitaandika marefu.

Kwanza ujue kwamba asili yake imepita pwani yetu. Jina alilopewa na wazazi ni Krishna Bhanji. Alizaliwa Yorkshire, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1943. Mama yake Mwingereza. Baba yake daktari, Khoja wa Ismailia mwenye asili ya Gujarati, aliyezaliwa hapa Kenya na kukulia Zanzibar mpaka alipopelekwa Uingereza akiwa na miaka 14. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Unguja, na karafuu zilimpa jina: watu walimwita mfalme wa karafuu. Kijana alipoanza kutafuta kazi ya uigizaji London na huku na huku, jina la Krishna Bhanji lilimfungia milango. Amesimulia mwenyewe kwamba walimsifu kwa alivyofanya, kisha wakasema hawajui wamweke wapi. Akajiita Ben Kingsley, na hilo Kingsley limetoka kwa ufalme wa babu yake wa karafuu. Kazi zikaja. Mimi habari hii huniuma, maana mtu mwenye uwezo ule alilazimika kuliweka kando jina la nyumbani kwao ndipo asikilizwe. Halafu nafasi iliyomfanya ajulikane duniani kote ikawa ya Mhindi wa Gujarati.

Sasa swali lako. Watu wengi wanadhani alianza na Gandhi. Sivyo. Alikulia karibu na Manchester, akaigiza na vikundi vya mtaani Salford, akaonekana kidogo kwenye televisheni katika Coronation Street, na mwaka 1967 akaingia Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la Uingereza linaloigiza michezo ya Shakespeare. Hesabu kutoka hapo mpaka 1982. Ni miaka 15 ya jukwaa! Mwaka 1970 alikuwa Demetrius, kijana mpenzi, katika A Midsummer Night's Dream iliyoelekezwa na Peter Brook, ule mchezo uliochezwa ndani ya kuta nyeupe tupu, waigizaji wakining'inia kwenye bembea za sarakasi. Mwaka 1975 akawa Hamlet, mwana wa mfalme, chini ya mwelekezi Buzz Goodbody, katika The Other Place kule Stratford. Usidhani ni jumba la fahari: lilikuwa banda la mabati, watazamaji wamekaa karibu kiasi cha kuona jasho. Mwaka 1980 akawa Squeers katika Nicholas Nickleby, mwalimu mkatili mwenye jicho moja anayewalaza watoto njaa. Kwa hiyo waliompa Gandhi hawakuokota mtu njiani. Walimpa mtu aliyekwisha kuwa mpenzi, mwana wa mfalme na katili, usiku baada ya usiku, mbele ya watu walio hai.

Katika Gandhi alimchukua mhusika tangu wakili kijana anayetupwa nje ya treni Afrika Kusini mwaka 1893 hadi mzee wa miaka 78 anayepigwa risasi mwaka 1948. Yeye mwenyewe hakuwa amefika miaka 40. Alipunguza mwili, akanyoa kichwa, akajifunza kusokota uzi kwa gurudumu la mkono mpaka akawa anasokota huku anazungumza bila kutazama vidole. Vidole hivyo vitazame tena. Mtu anayefikiria namna ya kusokota hawezi kuzungumza kama Gandhi, atazungumza kama mwigizaji anayesokota. Filamu ilipata tuzo 8 za Oscar na moja ni yake, ya mwigizaji bora. Kwenye tukio la mazishi walikusanyika zaidi ya watu 300,000, lakini mimi nikikumbuka filamu ile nakumbuka uzi.

Baada ya hapo akapatwa na tatizo lako hasa, mwanangu, ila kubwa zaidi. Dunia nzima ikimtazama inaona shuka nyeupe na miwani. Angefanya nini? Angeweza kuigiza watakatifu mpaka uzeeni. Mwaka 1983 akatokea katika Betrayal, mchapishaji wa vitabu London ambaye mkewe na rafiki yake wanamdanganya, suti safi, ulimi wa wembe. Mwaka huo huo akapanda jukwaani peke yake kumwigiza Edmund Kean, mwigizaji wa kale wa Kiingereza aliyeangamizwa na pombe. Mwaka 1985 akarudi Royal Shakespeare Company akawa Othello, jemadari anayeponzwa na wivu, na Iago, yule anayemdanganya, alikuwa David Suchet, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama mpelelezi Poirot wa televisheni. Mwaka huo huo tena akafanya Turtle Diary pamoja na Glenda Jackson: mtu mpweke anayeuza vitabu anapanga njama ya kuwatoa kasa wa bahari kwenye bustani ya wanyama London na kwenda kuwaachia baharini. Filamu hii haikupata makelele, nami naipenda mno. Sisi wa Malindi na Watamu tunajua kasa ni nini, na ukimtazama yule bwana mwenye haya anavyohangaika na makreti ya kasa usiku, hutamwona Gandhi mahali popote.

Sasa niseme ninaloliona mimi. Huyu mtu habadilishi uso. Anabadilisha utulivu. Chukua Itzhak Stern katika Schindler's List ya 1993, mhasibu wa Kiyahudi wa Schindler, mwenye kiwanda anayewaokoa Wayahudi wasiuawe na Wanazi kwa kuwaandika kama wafanyakazi wake. Yumo chumbani na Schindler, anapiga taipu majina, jina moja baada ya jingine, kisha anaacha. Ametambua kwamba Schindler anayalipia majina haya kwa fedha zake mwenyewe. Hanyanyuki, halii, sauti haipandi. Mikono tu imesimama juu ya taipureta. Kibandani kwangu watu walikuwa na tabia ya kusemesha kioo, lakini pale hakuna aliyesema kitu.

Kwa hiyo kadhi wako, acha kukunja uso. Uso uliokunjwa ni wa mchekeshaji anayejifanya kadhi, na watoto wa ukutani wameliona hilo kabla yako. Tafuta mikono ya kadhi iko wapi anaposikiliza.

---

UmmuSwaleh (Shela, Lamu)

Mzee wangu wa Malindi, shikamoo. Nimesoma yote na nimefurahi, hasa hilo banda la mabati, kwa sababu mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu huona haya kwamba hatuna ukumbi wenye mapazia. Nitawasomea.

Lakini kwa heshima, kwenye utulivu sikubaliani nawe moja kwa moja. Don Logan wa Sexy Beast ametulia wapi? Yule anazungumza peke yake mbele ya kioo, anapayuka, anampiga mtu aliyelala. Ikiwa siri ni utulivu, basi filamu iliyomshangaza huyu kijana ndiyo inayokukana.

Mimi naona hivi. Kila mhusika wake anataka kitu kimoja, tena anakitaka mpaka mifupa. Logan amepelekwa Spain kumchukua Gal, mwizi aliyestaafu anayeigizwa na Ray Winstone, arudi London kwa wizi mmoja wa mwisho. Gal anakataa kwa upole. Logan hawezi kabisa kusikia neno hapana, wala halijui. Analizunguka, analitukana, analirudia, anarudi nalo asubuhi. Matusi yote yale yametoka kwenye kutaka kwake. Angekuwa anatukana ili atishe watu, tungecheka.

Na ukitaka kuliona vizuri zaidi, tazama House of Sand and Fog ya 2003. Anaigiza Behrani, aliyekuwa kanali wa jeshi la anga la Iran zama za Shah, sasa ni mkimbizi Marekani. Mwanzoni tunamwona anafanya kibarua cha barabarani, fulana imejaa vumbi na jua kali. Kazi ikiisha haendi nyumbani. Anaingia hoteli nzuri, anakwenda chooni, ananawa, anavaa suti na tai, anajiweka sawa, ndipo anarudi nyumbani kwake kama mtu aliyetoka ofisini. Hakuna anayeeleza chochote. Tunamwona tu anavyofunga tai, na tumejua kila kitu: anachotaka ni heshima ya nyumba yake, na atakufa nayo. Baadaye ananunua nyumba kwenye mnada kwa bei ya chini, nyumba iliyochukuliwa kimakosa kutoka kwa mwanamke asiye na kwao pengine, na hapo hakuna mbaya wala mwema, kuna watu wawili wanataka paa moja. Wewe kijana si una mchezo wa ndugu wawili na shamba? Itazame kwa ajili ya mchezo wenu mzima.

Kadhi wako anataka nini? Usiniambie anataka haki, hilo ni la ubaoni. Pengine alikuwa rafiki wa huyo marehemu. Pengine anataka hawa ndugu watoke pale wakiwa bado wanaweza kusalimiana msikitini. Ukishajua, uso utajipanga wenyewe.

---

Kaka_wa_Maweni (Malindi)

Mumesahau mlevi! Huyu ndugu ni mchekeshaji, mbona mnamtoa kwenye ucheshi kana kwamba ni ugonjwa?

Katika Iron Man 3, ya 2013, Kingsley ni Mandarin, gaidi mwenye ndevu na joho anayetisha Marekani nzima kwa televisheni. Nilikuwa namwogopa kweli. Kisha Tony Stark, yule shujaa Iron Man mwenyewe, anavamia jumba lake, na huyo gaidi anatoka chooni akijisemea, mzee wa Kiingereza mpenda bia anayeitwa Trevor Slattery. Kumbe ni mwigizaji aliyekodiwa! Uso ule ule, ndevu zile zile. Kilichobadilika ni mgongo na sauti. Mabega yameanguka, maneno yanateleza. Wengi walikasirika kwamba wamenyang'anywa adui wao wa vitabu vya katuni, lakini kama unasomea uigizaji ile ni darasa: watu wawili katika mwili mmoja, ndani ya filamu moja. Akamrudia Trevor tena katika Shang-Chi mwaka 2021.

Hata Without a Clue ya 1988 ni ucheshi. Yeye ni Daktari Watson mwenye akili zote, na Sherlock Holmes wa Michael Caine ni mwigizaji mlevi aliyeajiriwa kujifanya mpelelezi. Halafu tusisahau chui Bagheera katika The Jungle Book ya 2016, ambako hana hata uso, ni sauti tupu.

Ninachosema ni kwamba, ndugu yangu, ule wakati wako wa kuchekesha, unavyojua sekunde ya kunyamaza kabla ya neno, usiutupe. Ndio huo huo atakaoutumia kadhi kabla ya kutoa hukumu.

---

MwanaLangoni (Lamu)

Mzee wangu, dada Ummu, kaka, Mungu awalipe. Nimeyafanyia kazi na niwaeleze yaliyotokea.

Nilikwenda na swali la dada Ummu kwa mwelekezi wetu, tukakaa barazani tukaulizana kadhi anataka nini. Tukaafikiana kwamba aliwahi kuamua kesi ya baba yao na ami yao juu ya shamba hilo hilo, na hukumu ile iliwatenganisha mpaka kufa. Maneno hayo hayamo mchezoni, watazamaji hawatayasikia, ila mimi ninayo. Kisha nikaenda kwenye mikono ya Mzee. Nilikuwa naiweka kiunoni, kumbe ndipo anapoiweka mwenye punda wangu! Nimeitoa. Sasa ninashika karatasi za kesi kwa mikono miwili, na ndugu mkubwa anapopaza sauti mimi ninazilinganisha pembe zake mezani, polepole, mpaka ziwe sawa. Halafu ndipo nainua macho.

Watoto bado walicheka nilipoingia. Nilipofika kwenye zile karatasi walinyamaza, isipokuwa mmoja, naye alinyamazishwa na mwenzake. Mwelekezi alitaka turudie pale pale mara moja, nikamwomba tuendelee mbele.

Sasa nina swali jingine kwa Mzee. Nataka kuzitazama zake kwa mpangilio, lakini vifurushi vya intaneti ni ghali na simu ni ya binamu. Nianze na ipi? Na yuko wapi siku hizi, bado anafanya kazi?

---

Mzee_wa_Kanda (Malindi)

Mwanangu, hizo pembe za karatasi usiziache. Na Ummu Swaleh, marahaba. Jibu lako kuhusu Logan nimelikubali, maana hata mimi nikifikiria, nilichokiita utulivu wa Stern ni mtu anayetaka majina mengine zaidi yaingie kwenye ile karatasi kabla muda haujaisha.

Anza na House of Sand and Fog, kwa sababu ya kesi yenu ya shamba. Halafu Schindler's List, ila itengee usiku mzima, nayo inazidi saa tatu. Ukipata nafasi weka Bugsy ya 1991, ambako yeye ni Meyer Lansky, jambazi wa Marekani anayezungumza kama mhasibu. Uitazame kisha urudie Sexy Beast: majambazi wawili wa mtu mmoja, na hakuna chochote wanachoshirikiana ila kazi. Sexy Beast usiiweke sebuleni mama akiwepo, matusi yake hayana pa kujificha. Na kama kuna watoto nyumbani waekee Hugo ya 2011. Humo ni Georges Méliès, mmoja wa waanzilishi wa sinema duniani, amesahauliwa na watu, anauza vidude vya kuchezea kwenye stesheni ya treni Paris. Mimi iliyonifungia kibanda ni teknolojia, kwa hiyo filamu ile siwezi kuizungumza kwa utulivu.

Mbali na ule ushindi wa Gandhi, amependekezwa kwa Oscar mara tatu nyingine: kwa Bugsy, kwa Sexy Beast na kwa House of Sand and Fog. Jambazi mpole, jambazi mwendawazimu, kanali mkimbizi. Uingereza ilimpa hadhi ya Sir mwaka 2002. Na ndiyo, ameendelea kufanya kazi hata baada ya kuvuka miaka 80.

Mchezo mtauonyesha lini? Nina mjukuu anayesoma Mokowe, anaweza kunipokea gatini. Niandikieni siku mapema ili nipate basi la alfajiri.